Dansa mwenye usikivu hafifu anafanyaje kazi Mbeya? Tuongee sakafu, stepu na hela

#1 Besi_ya_Chini (mleta mada)

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Kwenye ule uzi wa madansa wa harusi kuna mtu aliuliza, "Kiziwi anachezaje muziki asiousikia?" Watu wakacheka, uzi ukahamia kwenye bei za MC. Naomba nijibu huku kwa nafasi, maana hiyo ndiyo kazi inayonilipia chumba hapa Mwanjelwa.

Mimi ni wa kike, nacheza na nafundisha. Sikio la kushoto halisikii kitu tangu nikiwa mdogo, homa ya uti wa mgongo. La kulia nina kifaa. Bila kifaa nasikia ngurumo tu, maneno hayatengani. Nikiwa nacho tukakaa wawili chumba kimoja, tunaongea vizuri. Ukumbini penye kelele kinageuka redio iliyotoka stesheni. Na kwa kuwa nasikia upande mmoja, ukiniita kwa nyuma sijui umesimama kushoto au kulia.

Tuanze na muziki tuumalize, kwa sababu ndiyo sehemu nyepesi. Besi inaingia kwa miguu. Jukwaa la mbao lililoinuliwa hata kidogo, ukivua viatu, kiki, yaani pigo la ngoma nene, inakugonga kwenye nyayo na yale magoma ya amapiano yanapanda mpaka mbavuni. Ukumbi wa zege wenye vigae, mtetemo unafia huko huko. Ukitandika na zulia jekundu la maharusi juu yake ndiyo umenimaliza kabisa. Kwa hiyo nikipigiwa simu ya kazi (napokea meseji, simu napokelewa na mdogo wangu), kabla ya kuuliza sare ni rangi gani nauliza sakafu ni ya nini na sabufa zinakaa wapi.

Amapiano ni rahisi kwangu, haina haraka na besi yake ni nene. Singeli ni balaa. Inapita mapigo 200 kwa dakika, na kinachokimbia pale ni vinanda vya juu ambavyo kwangu havipo. Singeli naicheza kwa macho, namkazia mwenzangu wa mbele. Ila zinazonitesa hasa ni zile nyimbo laini za kuingiza maharusi. Hazina ngoma, ni kinanda na sauti ya mtu analia mapenzi. Hapo sina cha kushika mguuni.

Hizo naziandaa nyumbani. Naweka spika ndogo juu ya meza ya mbao, nalaza kiganja pembeni yake, namwita mdogo wangu anionyeshe kwa kidole mwimbaji anapoingia na anapotoka. Naugawa wimbo kwa nane nane, yaani mapigo manane manane, na kuuandika kwenye daftari: nane mbili za kinanda kitupu, nane nne ubeti, nane moja ya kupumua, kiitikio. Nikishaandika naucheza bila muziki mpaka mwili uuzoee. Siku ya shoo wimbo ukizimika katikati kwa umeme, mimi naendelea tu mpaka wenzangu waniguse bega. Imeshatokea, watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi.

Kinachoua kazi ni maneno ya pembeni. Mwalimu wa stepu anaelekeza huku ametupa mgongo. MC anabadilisha ratiba tukiwa mlangoni, kila mtu anavuta nguo yake: "Jamani tunakata ubeti, tunaanzia kiitikio!" Wote wamesikia, mimi niko upande wa sikio bovu nafunga kamba. Tukiingia naanza na kile nilichofundishwa, wenzangu wanaanza na kile walichosikia mlangoni. Halafu mtu anakwambia, "Unaona? Ndiyo maana viziwi hawawezi dansi."

Siku hizi sikubali mazoezi kwenye chumba kisicho na kioo. Kwenye kioo, hata mwalimu akinipa mgongo, uso wake nauona na midomo naisoma. Mabadiliko yote naonyeshwa kwa vidole, na asiyetaka namwambia mapema asinichukue.

Sasa hela. Kuna kundi moja hapa mjini, jina halina haja, lilinichukua kwenye tamasha. Wenzangu wakapewa 30,000 kila mmoja. Mimi nikapewa nauli ya bajaji na maneno, "Sisi tumekupa jukwaa, wengine wangekukataa." Na siku ile mimi ndiye niliyeshangiliwa zaidi, wengine wakilia kabisa. Tangu hapo sipendi mtu alie nikicheza.

Haya, ulizeni.

#2 Mzee_wa_Kabwe

Nimeweka kigoda. Uzi mtamu huu.

#3 Chapa_Kazi

Dada hongera kwa moyo, ila tuambiane ukweli. Mbeya hii wenye masikio yote mawili wanacheza Jumamosi, Jumatatu wanauza mitumba. Sasa wewe unataka uiite kazi ya kudumu? Si ungejifunza ushonaji, dansi ikabaki ya kanisani?

#4 Besi_ya_Chini

Chapa_Kazi, ushonaji ninaujua, sare za wanafunzi wangu nashona mwenyewe.

Kuhusu kudumu, swali hilo ni la madansa wote na liko sahihi. Anayetegemea shoo tupu atalala njaa, Kwaresima harusi zinakata. Hela yangu kubwa inatoka kwenye kufundisha: watoto Jumamosi asubuhi, maharusi na wasimamizi wao wiki chache kabla ya sherehe, kwaya zinazotaka stepu za uimbaji. Nikifundisha, sakafu nachagua mimi, spika naweka ninapotaka, na msemaji ni mimi. Wao ndio wanaonifuata. Yale matatizo ya mlangoni hayapo kabisa. Shoo nazichukua ili watu wanione, wanitafute niwafundishe.

Kwa hiyo dansa mwenye usikivu hafifu akiniuliza aanzie wapi, nitamwambia awahi kuwa mwalimu kuliko anavyowahi kuwa nyota.

#5 DJ_Uyole

Mimi ni DJ, ngoja niongezee upande wa mitambo.

Anachosema kuhusu mguu ni kweli kabisa. Sabufa inafanya kazi kwenye mizunguko ya chini, chini ya 100 kwa sekunde hivi, na hiyo mwili unaipokea hata bila sikio. Tatizo ni jinsi tunavyopanga. Wengi tunaweka sabufa juu ya zege mbele ya jukwaa, zikiangalia wageni. Dansa aliye nyuma yake anapata mabaki. Ukiomba sabufa moja ikae juu ya mbao zile zile unazochezea, au ibanane na ukingo wa jukwaa, habari inabadilika. Ni kazi ya dakika tano kwa vijana wawili wa kubeba. DJ akikukatalia hilo ni uvivu.

La pili: mletee DJ wimbo uliokwisha kukatwa, faili moja, mwanzo mpaka mwisho. Usimwambie "utakata pale kwenye kiitikio". Sisi tukishaona wageni wamenyanyuka mikono vidole vinawasha, tunarudia, tunapiga honi, tunaingiza wimbo mwingine. Kwa dansa anayesikia ni usumbufu. Kwa huyu dada umemvunjia hesabu yote.

La tatu ni taa. Kabla wimbo haujaanza nawasha taa moja ya buluu kwa dansa, nikiizima anajua biti inaingia. Hiyo niliona inasaidia hata wanaosikia.

#6 Mama_Wawili

Kamwene wapendwa. Nipo Iringa. Mwanangu wa pili ana miaka 7, hasikii kabisa. Watoto wa jirani wakifungulia redio anaingia katikati yao anacheza, wakisimama anasimama, mtu asiyejua hawezi kugundua. Bibi yake ananisema namtesa, eti namzoesha kitu ambacho hatakipata. Dada Besi, mtoto kama huyu anaanzia wapi? Mwalimu wa dansi huku simjui.

#7 Besi_ya_Chini

Mama yangu, mwache aendelee kuingia katikati yao. Anachofanya pale, kusoma miili ya watu na kusimama kwa wakati, madansa wazima wanalipia kufundishwa.

Nunua maputo ya mtaani. Mpulizie moja, alikumbatie kifuani kwa mikono miwili akiwa hatua chache kutoka kwenye spika. Ngozi ya puto inatetemeka na muziki, ataupata kwenye viganja na kidevu. Weka wimbo wenye ngoma, halafu weka wa kwaya usio na ngoma, umwone uso anavyobadilika. Wanafunzi wangu wadogo wanagombania puto jekundu wakiamini lina besi zaidi, nimeshachoka kuwabishia.

Halafu mhesabie kwa vidole mbele ya uso wake, moja mpaka nane, huku unapiga mguu chini. Na kama nyumbani hamjaanza lugha ya alama, anzeni, bibi naye. Dansi haitamsaidia kuomba maji wala kusema kichwa kinamuuma. CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, ndio watu wa kuwauliza darasa lililo karibu na ninyi.

#8 Kihesa_Kwetu

Mama Wawili, kama upo Iringa mjini mpeleke mtoto Neema Crafts akaone. Walianza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Anglikana, wakiwa na vijana viziwi wachache wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Leo pana karakana na mgahawa, na wahudumu wa mgahawa ni viziwi. Unaandika unachotaka au unaonyesha kwa alama, kahawa inakuja. Hawafundishi dansi, nisikudanganye. Ila mtoto ataona watu wazima viziwi wako kazini, wanataniana, wanalipwa. Na bibi aende pia, akanywe chai pale.

#9 Mtumishi_77

Dada nakuona una moyo mzuri. Njoo kwenye maombi Ijumaa, sikio litafunguka, hutahitaji tena hayo ya mbao na maputo.

#10 Besi_ya_Chini

Ndaga fijo (asante sana) mtumishi. Niombee wateja walipe kwa wakati, hilo ndilo lililonikalia vibaya.

#11 Mzee_wa_Kabwe

😂😂 Hapo umemaliza.

#12 Msomaji_wa_Usiku

Wanaodhani huyu dada ni muujiza wa Mwanjelwa, wapo wengi duniani. Chuo cha Gallaudet kule Washington, chuo kikuu cha viziwi, kina kundi lake la dansi tangu 1955. Kundi la wasanii wenye ulemavu la China lilicheza kwenye kufunga Paralimpiki za Athens mwaka 2004: wachezaji wote hawasikii, wamepangana mstari mmoja nyuma ya kiongozi wao Tai Lihua, mikono inafunguka kwa pamoja mpaka unadhani ni kiumbe kimoja. Siri yake wala haijafichwa. Waelekezaji wanasimama pembe za jukwaa wakitoa ishara za mikono, wachezaji wanazifuata. Mwaka 2016 Nyle DiMarco, kiziwi, alishinda shindano kubwa la dansi la televisheni ya Marekani. Antoine Hunter, naye kiziwi, anaongoza kampuni yake mwenyewe kule California.

Na la mguu lina sayansi yake. Mwaka 2001 Dean Shibata wa Chuo Kikuu cha Washington alionyesha kwa picha za ubongo kwamba viziwi wakihisi mtetemo, sehemu ya ubongo ambayo kwa wengine inashughulikia sauti inafanya kazi. Evelyn Glennie wa Uskoti, mpiga ngoma wa kimataifa, anapanda jukwaani peku kwa sababu hiyo hiyo.

#13 Chapa_Kazi

Hao wana serikali na wafadhili. Wa Mwanjelwa ana nani?

#14 Msomaji_wa_Usiku

Kusimamisha mtu mmoja pembeni ya jukwaa aoneshe vidole kunahitaji mfadhili gani?

#15 Mzee_wa_Nyasa

Binti yangu, mimi asili yangu Mbamba Bay, nimelowea Kyela. Nimesoma mpaka hapa nikakumbuka mganda, ngoma yetu ya huku Ziwa Nyasa. Mganda ulitokana na watu kuiga gwaride la askari wa enzi za ukoloni. Wanaume wanajipanga mistari, kiongozi yuko mbele, akibadilisha mguu mnabadilisha, akigeuka mnageuka. Anayesubiri kusikia amechelewa, inabidi umwangalie. Na ngoma kubwa iko hapo hapo nyuma yenu, haipigwi kutoka kwenye waya. Uwanja ni udongo uliokanyagwa, kila mguu wa mwenzako unaupata.

Kwetu alikuwepo mtu asiyesikia aliyekuwa mstari wa mbele, wala hakuna aliyeona ni habari ya kusimulia. Ninyi mmehamia kwenye kumbi, mmeweka mtu wa kupayuka kwenye kipaza sauti, ndipo mkaanza kusema fulani hawezi. Nenda kajifunze mganda, na ling'oma ya Wanyakyusa. Zina soko, tamasha la ngoma za asili Tukuyu huwa linajaa vikundi.

#16 Besi_ya_Chini

Shikamoo mzee wangu. Hilo la kiongozi wa mbele limenigusa. Kikundi nilichonacho sasa kina wasichana wanaosikia na wawili viziwi, na tumekuwa tukihangaika nani ashike hesabu. Nitamweka mmoja wa hao viziwi mbele, wanaosikia wamfuate yeye. Akianza, wimbo ndiyo umeanza.

#17 Nesi_Forest

Naomba nisimame upande wa masikio yenyewe. Besi, usije ukakisogeza kichwa kwenye spika ili upate besi. Sikio la kulia ulilobaki nalo ndilo la kulinda. Kiwango kinachohesabika salama kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa nusu. Zikifika 100 una dakika kama 15 tu. Kumbi zetu za harusi zinafika hapo kabla keki haijakatwa. Pokea kwa miguu, sikio weka mbali, na kwenye nyimbo za besi kali vua kifaa uweke kizibo. DJ nawe kizibo kinakuhusu, usijifanye hujasoma.

Kifaa na jasho haviivani. Ukishuka jukwaani kivue, futa kwa kitambaa kikavu, usiku acha kamlango ka betri wazi. Kilaze kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinavuta unyevu. Betri zile ndogo zenye kibandiko, usibandue mpaka siku ya kutumia. Ukishabandua hewa inaingia, zinaanza kuisha hata ukiziweka kabatini.

#18 Besi_ya_Chini

La kibandiko sikuwahi kuambiwa na aliyeniuzia. Asante sana dada.

#19 Sheria_Kidogo

Kwa wanaouliza haki. Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Inakataza ubaguzi kazini, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Vikundi vya dansi havifiki watu 20 wa ajira rasmi, kwa hiyo hiyo asilimia usiitegemee. Hoteli na shule binafsi zinazohitaji mwalimu wa michezo au burudani, hao wabane nayo.

Ya karibu zaidi ni ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo 2 ni za watu wenye ulemavu. Ofisi ya maendeleo ya jamii ndiyo pa kuanzia. Spika na kioo ni mtaji, andika hivyo kwenye maombi, usiandike "kukuza kipaji". Na jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ukiwa na cheti hata mwenye ukumbi anaongea nawe tofauti.

Kwa mwenye uwezo wa kusafiri kusoma, TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, inafundisha tangu 1981, na Dar kuna MuDa Africa kwa dansi ya kisasa. Kabla ya kulipa ada, waulize kwa maandishi watakupa nini kama husikii darasani. Jibu lao likiwa "tutaona", endelea kuuliza.

#20 Chapa_Kazi

Mimi nilikuja kubisha, nimejikuta nimesoma wote. Swali la mwisho. Mteja anakupigia anataka madansa wanne harusi ya Jumamosi. Unamwambia nini ili usije ukaishia na nauli ya bajaji?

#21 Besi_ya_Chini

Simwambii kitu kwa mdomo. Namtumia hii WhatsApp, chukueni mbadilishe mnavyotaka:

"Habari, asante kwa kututafuta. Bei yetu kwa madansa wanne ni moja kwa wote, kila dansa analipwa sawa. Nusu inalipwa siku ya kukubaliana, nusu kabla hatujavaa sare. Naomba picha ya sehemu tutakayocheza na namba ya DJ. Nyimbo tutamtumia sisi zikiwa zimekatwa tayari. Mimi nina usikivu hafifu: mabadiliko yoyote ya ratiba yaandikwe kwenye namba hii au nionyeshwe ana kwa ana kabla ya kuingia ukumbini. Tukishaingia hatubadilishi. Naomba MC asitangaze kuhusu masikio yangu."

Wengine wakisoma hiyo sentensi ya mwisho wanapotea. Wanaobaki huwa wanalipa.

#22 DJ_Uyole

Nimekopi. Natuma kwa ma-MC wangu wote leo, na pale kwenye nusu kabla ya kuvaa sare naweka na jina la DJ.

#23 Mama_Wawili

Puto limepasuka mara ya pili, analia anataka lingine. Mnanunua ya aina gani jamani?

#24 Besi_ya_Chini

Yale makubwa ya sherehe, mama, usiyajaze sana. Yakiwa laini kidogo yanatetemeka vizuri zaidi.